Linki, picha na hakimiliki: majibu kwa maswali yenu

Nina tovuti ndogo ya habari za mtaa. Nikiweka linki ya habari ya gazeti, lazima niombe ruhusa? (Kayole)

Hapana. Linki ni anwani tu. Inamwelekeza msomaji mahali habari ilipo, nawe hujanakili kitu. Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua hivyo mwaka 2014 katika kesi ya Svensson, maadamu habari yenyewe iko wazi kwa kila mtu. Uamuzi huo hauzifungi mahakama zetu za Kenya, ila hoja yake ni nzito.

Kinachowaponza watu ni vile vinavyowekwa kando ya linki: aya tatu za mwanzo na picha, vyote vimenakiliwa. Andika muhtasari kwa maneno yako, sentensi mbili zinatosha, kisha weka linki. Na kama habari imefungiwa wanaolipia, usiwapitishe watu mlango wa nyuma.

Na linki za mechi na filamu za bure? (Umoja)

Achana nazo. Mwaka 2016, katika kesi ya GS Media, mahakama hiyohiyo ilisema anayeelekeza watu kwenye kazi iliyowekwa bila idhini huwajibika akiwa anajua, na anayefanya hivyo kwa faida huchukuliwa kuwa alijua, mpaka athibitishe vinginevyo.

Nikiandika "picha kwa hisani ya mtandao", niko salama? (Ngara)

Huko salama. Kuna mtu aliyeipiga hiyo picha, na hata ungemtaja kwa jina, kumtaja si kupewa ruhusa. Kesi ya Renckhoff ya 2018 ilihusu mwanafunzi wa Ujerumani aliyetumia picha ya mji wa Cordoba katika kazi ya shule, akataja tovuti alikoitoa. Shule ilipoipandisha kwenye tovuti yake, mahakama hiyo ya Ulaya ikasema idhini ya mpiga picha ilihitajika.

Wengine hawanakili, bali huiita picha moja kwa moja kutoka seva (kompyuta inayohifadhi tovuti) ya mwenye picha. Hapo kila msomaji wako anamtwisha mwenzako mzigo, naye siku yoyote anaweza kubadilisha faili iliyo kwenye anwani ileile, na ukurasa wako ukaonyesha picha ambayo hukuichagua.

Mimi ni mpiga picha. Tovuti fulani imechukua picha zangu za harusi. Nianzie wapi? (Rongai)

Hakikisha kwanza ni zako. Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya 2001, mtu akikuagiza kazi, hakimiliki huhesabiwa imehamia kwake, isipokuwa mmekubaliana vingine. Wapiga picha wengi hushtukia hapa, na inauma. Kama hamkuandikiana, maharusi ndio wenye kudai, au wakuhamishie haki kwa maandishi yenye sahihi yao.

Kisha kusanya ushahidi kabla hujampigia mtu simu: skrinishoti inayoonyesha anwani ya ukurasa na tarehe, pamoja na faili asili kutoka kamera. Mwandikie mwenye tovuti. Akinyamaza, peleka notisi ya kuondoa kwa kampuni inayohifadhi tovuti hiyo, kama yanavyoelekeza marekebisho ya 2019 ya sheria hiyo. Notisi iwe na majina yako kamili, simu, anwani ya mahali ulipo na barua pepe, sahihi, maelezo ya kazi na mahali ilipo, na iambatane na hati ya kiapo inayoeleza umiliki wako na juhudi ulizofanya kumfikia mhusika. Nakala ipelekwe KECOBO (Bodi ya Hakimiliki ya Kenya) na Mamlaka ya Mawasiliano.

Kosa linalokwamisha notisi nyingi ni kuandika anwani ya ukurasa wa mwanzo wa tovuti. Picha moja ina anwani mbili, ya ukurasa inapoonekana na ya faili yenyewe. Kwenye simu, bonyeza picha na ushikilie, ifungue peke yake, kisha nakili anwani inayotokea juu. Zitaje zote mbili, kwa kila picha.

Kupeleka notisi ya uongo ni kosa la jinai, kwa hiyo usile kiapo kabla ya kumaliza lile suala la maharusi.