Maswali ya wasomaji: ndege wa pwani ya kaskazini

Kaskazi imeanza kuvuma, shule zinakaribia kufungwa, na barua nyingi mlizoniletea ni za safari za ndege huku Kilifi, Watamu na Malindi. Nimechagua nane.

Shikamoo Mwalimu. Ninatoka Nairobi na familia Jumamosi ijayo, tunataka kuona ndege wa Mida. Tufike saa ngapi? (Baba wa watatu, Nairobi)

Marahaba. Swali hili nililijibu mwezi uliopita na mwezi wa kabla yake, na kila anayeuliza hunitajia siku ya wiki. Ndege wa Mida wanafuata maji. Nitajie mwezi una siku ngapi tangu uandame, nami nitakupa saa.

Maji yakipwa, hori yote inakuwa uwanja wa matope, na vitwitwi wanatawanyika mbali hata kwa darubini nzuri unaona vidoa tu. Maji yakijaa pomoni, matope yamefunikwa na ndege wamekwenda kupumzika mikokoni. Unachotafuta ni maji yanayopanda, yakiwa yamebakiza kama saa mbili kufika juu. Hapo yanawasukuma ndege taratibu kuelekea ulipokaa, mpaka unamwona sululu akichomoa kaa kwa ule mdomo wake uliopinda, bila darubini.

Wakati wa bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji ya huku hujaa mwendo wa saa kumi alasiri. Basi saa nane uwe umeshavuka daraja la kuning'inia na kutulia kwenye kibanda. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, hujaa kwenye saa nne au saa tano asubuhi, lakini hayapandi sana na ndege wengi hubaki mbali. Kila siku saa husogea mbele kwa dakika kama hamsini. Tena Mida huchelewa kidogo kuliko bahari ya Watamu, kwa sababu mlango wake ni mwembamba. Mvuvi yeyote wa pale anayajua haya kichwani. Msalimie kwanza, kisha muulize.

Mwezi gani ni mzuri? (Msomaji, Voi)

Oktoba hadi Machi kwa wageni wa kutoka Siberia na Asia ya kati. Julai na Agosti nenda mdomo wa mto Sabaki, karibu na Malindi.

Mwalimu, mwongozaji wa Arabuko-Sokoke amenitajia bei iliyonishtua. Nina programu ya simu inayotambua ndege kwa sauti. Kwa nini nimlipe mtu anitembeze msituni? (Kijana, Mombasa)

Kwa sababu simu yako haijui bundi amelala wapi leo.

Bundi mdogo wa Sokoke ana urefu wa sentimita kumi na sita hivi, anaenea kwenye kiganja. Wanasayansi walimjua mwaka 1965 tu, na nje ya msitu huu na misitu michache ya jirani hapa pwani, anapatikana chini ya milima ya Usambara huko Tanzania, basi. Mchana hulala kwenye kichaka kizito, kwenye udongo mwekundu wenye miti ya Cynometra, na huhama kichaka.

Mara ya mwisho nilipokwenda, mwongozaji wetu, kijana wa Kigiriama, alituacha njiani akaingia kichakani kwa magoti. Alirudi baada ya robo saa, mikono imechanwa na miiba, akatuita kwa kidole bila neno. Nilitazama aliponionyesha nisione kitu. Akakata kijiti kikavu, akakilaza begani mwangu kama mtu anayelenga shabaha, nikafuata ncha yake. Walikuwa wawili, wamebanana ubavu kwa ubavu, mmoja wa kijivu na mwenzake mwekundu kama udongo ule. Yule wa kijivu alifumbua jicho moja, la manjano, akalifumba tena. Baadaye nikajua kwamba jioni ya jana yake kijana yule alikuja peke yake kwa baiskeli kuwasikiliza wanalilia wapi, ili asubuhi asitupotezee muda. Jioni ile hakuna aliyemlipa. Iweke kwenye hesabu yako.

Na kuna hesabu kubwa zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wakulima wengi wanaopakana na msitu walitaka ukatwe wapate mashamba, na walikuwa na haki ya kuuliza msitu unawapa nini zaidi ya tembo wa kula mahindi yao. Mwaka 1993 ukaanza mradi wa Kipepeo pale Gede, wakulima wakafuga viwavi wa vipepeo wa msituni na kuuza pupa wao ng'ambo. Pale Mida, ada unayolipa kupita kwenye daraja inachangia karo za sekondari za watoto wa vijiji hivyo, kupitia mpango wa shirika la uhifadhi la A Rocha Kenya. Mwongozaji anayelipwa vizuri ni mtu mwingine tena kijijini anayeweza kumwambia jirani yake mwenye shoka, "Huu mti unanilisha." Ukimpunja, umemnyang'anya neno hilo mdomoni.

Mtafute kwenye kituo cha msitu pale Gede, kando ya barabara ya Mombasa na Malindi. Anayekufuata ufuoni akikuahidi bundi, hondohondo na pomboo kwa siku moja, mshukuru uendelee na safari yako.

Nimepakua sauti ya bundi wa Sokoke. Nikiicheza usiku kando ya barabara, atakuja? (Mpiga picha, Nairobi)

Atakuja, na ndiyo maana nakuomba usiicheze. Akisikia sauti ile anadhani bundi mwingine amevamia makao yake. Anaacha kuwinda, anaacha mwenzake, anakuja kupigana na mtu asiyekuwepo. Msitu una kilomita za mraba kama 420, lakini si wote unaomfaa, na wanaosumbuliwa ni walewale walio karibu na barabara, usiku baada ya usiku, na kila mgeni na simu yake. Hata baadhi ya waongozaji hufanya hivi kwa sababu mteja anawashinikiza. Mwambie wako kabla hamjatoka kwamba hutaki, utaona atakavyofarijika.

Isitoshe, Arabuko-Sokoke ina tembo wengi. Usiku, ukiwa umesimama gizani unasikiliza simu, hutamsikia anayekaribia nyuma yako.

Mwanangu wa darasa la saba amealikwa na klabu ya shule kwenda kutazama bundi. Mama mkwe wangu anasema bundi ni uchuro, atatuletea msiba nyumbani. Nifanyeje? (Mama, Kisauni)

Dada yangu, usibishane na mama mkwe. Mpelekee salamu zangu, kisha mketi mzungumze. Wazee hawakuzua, waliona bundi akilia juu ya paa la nyumba yenye mgonjwa, na siku ya tatu wakazika. Lakini nyumba yenye mgonjwa huwasha taa usiku kucha, taa huita wadudu, na wadudu humwita bundi. Amekuja kula. Huyu wa Sokoke hasa ni mla wadudu, hatoki msituni, na paa la mtu hana haja nalo.

Mwache mtoto aende. Akirudi, amwigie bibi yake jinsi bundi alivyolia, ile miluzi yake mifupi, mmoja baada ya mwingine. Nimewaona mabibi wakicheka. Ninachokiogopa mimi ni wale wanaomuua bundi kwa mawe kwa sababu ya maneno haya, na wale wanaomuuza kwa waganga. Ukisikia biashara hiyo mtaani kwenu, toa taarifa kwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori.

Nimemwona mnana wa manjano akisuka kiota kwenye mnazi wa hoteli Watamu. Je, ni yule mnana wa Kilifi anayesifiwa? (Mtalii wa ndani, Nakuru)

Hapana. Huyo wa Kilifi haishi kwenye minazi ya hoteli. Hutembea kwa makundi juu kabisa kwenye miti ya mirihi, na hakuna kaunti nyingine wala nchi nyingine duniani yenye ndege huyu. Kiota chake hakikujulikana mpaka mwaka 2013, kilipopatikana kwenye bwawa la msimu huko Dakatcha, ng'ambo ya mto Sabaki, ndani ya nyasi zinazoota mvua ikijaza maji. Bwawa likikauka mwaka huo, hazai hapo.

Nami nasema hili kila nipatapo nafasi: Dakatcha inakatwa kwa makaa na kwa mashamba ya mananasi, na haina ulinzi kama wa Arabuko-Sokoke. Gunia la makaa unalonunua Malindi, uliza limetoka wapi.

Tuna gari kubwa. Tunaweza kuendesha ufuoni mpaka mdomo wa Sabaki, na tuvae nini? (Vijana watano, Thika)

Msiingize gari mchangani. Ndege wanaopumzika pale wanahitaji kila chembe ya nguvu waliyo nayo, na gari likipita wote huruka. Shukeni, tembeeni na mtu wa kijiji, kwa sababu mtoni mna viboko na mamba na yeye ndiye anayejua wamelala upande gani. Vaeni nguo za rangi ya udongo, zisiwe nyeupe, na viatu vya kufungwa msivyoogopa kuviloanisha. Mkija Agosti, tazameni juu: wale wa kahawia wanaokata hewa kama mbayuwayu, makundi kwa makundi, wametoka kuzaa Bukini, yaani Madagaska.

Mwalimu, nilizaliwa Malindi, sasa miaka ishirini niko Muscat. Huku ufuoni namwona ndege mweupe mwenye mgongo mweusi na mdomo mnene, anakula kaa. Nakumbuka kumwona utotoni. Ni yuleyule? (Bibi, Muscat)

Ni yuleyule, bibi. Jina lake la kisayansi ni Dromas ardeola. Huzaa kwenye pwani na visiwa vya huko kwenu, kuanzia Ghuba hadi Bahari ya Shamu. Huchimba shimo mchangani kama kaa mwenyewe, akataga yai moja jeupe ndani yake, na joto la mchanga humsaidia kulitunza. Kisha huja kwetu, kwa njia ileile ya majahazi ya zamani.

Wiki iliyopita nilikuwa kibandani Mida, maji yanapanda. Jozi moja ilikuwa na kinda lake, limekwisha kuwa na kimo cha wazazi, lakini manyoya bado ya kijivu. Lilimfuata mama yake kwenye maji ya kifundo, linalia bila kukoma. Mama akakamata kaa, akampigiza mpaka miguu ikachomoka, akageuka akamlisha mwanawe. Baada ya safari yote ile kutoka kwenu, bado analishwa.