Swali la lugha: Nero alikuwa mfalme, Kaisari au Kaizari?

SWALI: Mimi hukusanya sarafu za kale za Kirumi. Sasa naandika kadi ya maelezo ya kila sarafu kwa Kiswahili, ili wanangu na wageni waisome wenyewe bila kuniuliza. Nimekwama kwenye vyeo. Huku nasoma "mfalme Nero", kule "Kaisari Nero", kwingine "Kaizari". Nishike lipi? Na yale maandishi yanayozunguka kichwa cha mtawala tuyaiteje? Tena, sarafu "huchapishwa" au kuna kitenzi kingine?

JIBU: Nianze na neno ambalo ningeomba ulifute kwenye kadi zako zote: mfalme. Kwa mapokeo yao wenyewe, Warumi walimfukuza mfalme wao wa mwisho, Tarquinius, mwaka 509 KK, na tangu hapo neno lao la mfalme, rex, likawa tuhuma nzito kwa mwanasiasa yeyote. Julius Caesar aliuawa tarehe 15 Machi 44 KK na watu waliodai kwamba anataka ufalme. Augustus, aliyeshika madaraka baada yake, alikusanya karibu kila aina ya mamlaka mkononi mwake, lakini jina la mfalme hakuligusa. Nao waliomfuata wakafanya vivyo hivyo.

Sarafu zenyewe zinashuhudia. Ipo sarafu kubwa ya shaba ya Traianus, mtawala wa Roma, yenye maneno REX PARTHIS DATVS, yaani "Waparthi (watu wa dola jirani upande wa mashariki) wapewa mfalme". Traianus ameketi juu ya jukwaa, anamkabidhi mfalme huyo kwa watu wake. Hapo REX si Traianus. Ni yule anayepewa ufalme na Traianus, mtu wa chini yake. Ukiandika "mfalme Traianus" kwenye kadi ya sarafu hiyo, umemshusha mtawala wa Roma hadi cheo cha mtu aliyemteua yeye mwenyewe.

Katika mazungumzo ya kawaida sitamkosoa mtu. Wagiriki wa mashariki ya dola walimwita mtawala wa Roma kwa neno lao la mfalme, na ndiyo sababu Waraka wa Kwanza wa Petro katika Kiswahili unatuambia tumpe heshima mfalme. Lakini kadi ya mkusanyaji inaeleza kitu ambacho msomaji anakitazama wakati huohuo, kwa hiyo neno lililo kwenye kadi lisigombane na lililo kwenye sarafu.

Sasa Kaisari na Kaizari. Asili yao ni moja, yaani jina la ukoo la Caesar, ila yametufikia kwa njia mbili. Kaisari limeingia kwa Biblia, na msomaji wa Kiswahili akilisikia anafikiria Roma moja kwa moja. Kaizari linakumbusha Ujerumani. Watu wa Tanganyika walimjua Kaizari Wilhelm wa Pili kwa sura yake kwenye rupia za Kijerumani, akiwa amevaa kofia ya chuma, na pembeni maneno ya Kilatini GUILELMUS II IMPERATOR. Baadaye shilingi ya Afrika Mashariki ya Mwingereza nayo ikaja na GEORGIVS V REX ET IND:IMP:, yaani mfalme, na tena kaizari wa India. Mababu zetu walinunua chumvi na vitenge kwa fedha zilizobeba IMP, kifupisho kilekile kilicho kwenye sarafu za Nero. Wapo waandishi wazuri wanaotumia Kaizari hata kwa Warumi, na siwezi kusema wamekosea. Ushauri wangu ni kutenganisha: Kaisari kwa Warumi, Kaizari kwa Wajerumani na wengine waliokuja baadaye. Kiswahili kimetupa maneno mawili, na kila moja lina kazi yake.

Wingi ni makaisari, na kwa kuwa ni watu, upatanisho unabaki wa a-/wa-: makaisari walitawala, makaisari hawa. Nimeona "makaisari haya" katika maandishi fulani. Liepuke.

Hapa ndipo mkusanyaji anapohitaji uangalifu kuliko mhubiri. Neno CAESAR kwenye sarafu halina maana moja kwa miaka yote. Kwa Julius lilikuwa jina lake la ukoo tu. Ile sarafu maarufu ya mwaka 44 KK, ambayo kwayo alikuwa Mrumi wa kwanza aliye hai kuwekwa sura yake kwenye fedha ya Roma, imeandikwa CAESAR DICT PERPETVO: Caesar, dikteta wa kudumu. Cheo hapo ni dikteta. Kwa hiyo usimwite "Kaisari wa kwanza wa Roma", mwite "dikteta Julius Caesar". Augustus alilipata jina hilo kwa kuasiliwa na Julius. Claudius, aliyeanza kutawala mwaka 41 BK, hakuwa wa ukoo huo wala hakuasiliwa nao, lakini alilichukua, na tangu hapo likawa linaelekea kuwa cheo. Kufikia karne ya pili, jina Augustus nalo limekuwa cheo cha anayetawala, na Caesar hupewa mrithi. Marcus Aurelius alipokuwa bado anasubiri zamu yake chini ya mtawala Antoninus Pius, sarafu zake zilisema AVRELIVS CAESAR AVG PII F, yaani Aurelius Caesar, mwana wa Augustus Pius.

Ukimwita "Kaisari" kila mtu aliyeandikwa CAESAR, utawatawaza watu ambao hawakutawala dola kamwe. Chukua Crispus, mwana wa mtawala Constantinus. Sarafu zake zinasomeka CRISPVS NOB CAES, "Caesar mtukufu sana". Hakufika kuwa Augustus, kwa maana aliuawa kwa amri ya baba yake mwaka 326. Kwenye kadi yake andika: "Crispus, mrithi (cheo: Caesar)". Neno la Kiswahili Kaisari libakize kwa mtawala mwenyewe, na neno la Kilatini Caesar kwa cheo kama kilivyoandikwa.

Tuchukue dinari moja ya fedha tuisome pamoja, kwa sababu ni ya kawaida na huenda tayari unayo. Mbele kuna kichwa cha Traianus, kimeelekea kulia, amevaa taji la majani ya mlaurusi ambalo riboni zake zinaning'inia kisogoni. Maandishi yanaanza chini kushoto na kuzunguka: IMP TRAIANO AVG GER DAC P M TR P. Nyuma: COS V P P SPQR OPTIMO PRINC. Mimi ningeyafasiri hivi: "Kwa imperatori Traianus, Augustus, mshindi wa Wagermani, mshindi wa Wadakia, kuhani mkuu, mwenye mamlaka ya mtetezi wa umma, konsuli mara ya tano, baba wa taifa. Seneti na watu wa Roma, kwa kiongozi aliye bora."

Neno "kwa" limetokana na TRAIANO na OPTIMO. Miisho hiyo inaonyesha kwamba sarafu inatolewa kama heshima kwake. Wengi huiruka, na sentensi nzima inapoteza mwelekeo. IMP nimeliacha "imperatori". Zamani lilikuwa sifa ambayo askari walimpigia kelele jemadari wao baada ya ushindi, na "jemadari" linafaa kabisa kwa sarafu za kabla ya Augustus. Baadaye liligeuka kuwa sehemu ya jina la mtawala, hata kwa mtu asiyejua vita. Lakini P P, pater patriae, halina haja ya kuhangaikiwa. "Baba wa taifa" tunalo, tunalielewa, na uzito wake ni uleule. Liandike kwa herufi ndogo tu, ili msomaji wa Tanzania asimfikirie Mwalimu kwanza. Na hiyo COS V ndiyo inayokupa tarehe: Traianus alikuwa konsuli, yaani mshika cheo kikuu cha kiserikali cha Roma, mara ya tano mwaka 103, na ya sita mwaka 112, kwa hiyo sarafu hiyo ni ya kati ya 103 na 111 BK.

Neno jingine litakalokutega ni DIVVS, au DIVA kwa mwanamke, kama kwenye sarafu nyingi za Faustina, mke wa Antoninus Pius. Kwa kuwa aliyetajwa amekwisha kufa, mkono unataka kuandika "hayati". Hayati ni heshima tunayompa marehemu. DIVA inasema zaidi: Seneti ilitangaza kwamba amekuwa mungu. Andika "Faustina, aliyetangazwa mungu baada ya kufa", hata kama kadi itajaa.

Kuhusu kichwa na maandishi yake, katika Mathayo 22 ya Biblia ya Union, Yesu anapoonyeshwa dinari anauliza: "Ni ya nani sanamu hii, na anwani hii?" Ni Kiswahili kizuri mno, na wakati ule maneno hayo yalitosha. Leo sanamu ni kitu cha kuchongwa kinachosimama uwanjani, na anwani ni ya barua. Tumia "sura" na "maandishi": sarafu yenye sura ya Hadrianus, maandishi ya upande wa nyuma. Dinari libaki, ila mara ya kwanza useme "dinari ya Kirumi", maana leo kuna dinari za Kuwait na Iraki. Warumi na Waroma yote ni sahihi. Mimi huchagua Warumi kwa sababu mitaani kwetu Mroma anaweza kuwa Mkatoliki wa parokia ya jirani.

Mwisho kitenzi. "Kuchapisha" kuachie noti. Sarafu ya Kirumi ilitengenezwa kwa kipande cha madini kuwekwa kati ya mihuri miwili na kupigwa nyundo, nasi tuna mfua fedha na mfua chuma tangu zamani. Sema sarafu ilifuliwa, au ilipigwa. Kuyeyusha madini na kuyamimina kwenye kalibu ni kusubu, na mkusanyaji asiyachanganye maneno haya mawili, kwa sababu bandia nyingi zinazouzwa kwa watalii ni za kusubu. Tazama ukingo wake: mara nyingi kuna mstari mwembamba pale nusu mbili za kalibu zilipokutana, na juu ya uso kuna vitundu vidogo vya hewa. Sarafu ya aina hiyo usiiandike "ilifuliwa zama za Nero". Andika "nakala ya kusubu", na uiweke mbali na nyingine.