"Uchoraji wa kijadi" ni upi hasa?

SWALI: Mimi ni mchoraji, naishi Kisumu. Kazi zangu ni za dhahania. Naanzia kwenye kishikwambi, nikiridhika na maumbo naichapisha picha kwenye turubai, kisha naongeza akriliki kwa brashi. Katika kijitabu cha maonyesho nimeandika "mchanganyiko wa uchoraji wa kidijitali na wa kijadi". Rafiki yangu anadai kwamba hatua ya mwisho si kuchora bali ni kupaka rangi tu. Nani yuko sahihi?

JIBU: Rafiki yako ana nusu ya haki. Kupaka ni kutandaza kitu juu ya kingine: mafuta mwilini, rangi ukutani. Kuchora ni kutia alama zenye umbo, hata umbo hilo lisipofanana na chochote. Tazama hina: kwenye kucha hupakwa, lakini mistari na vikunjo vya kiganjani huchorwa. Kwa hiyo, ukijaza usuli wote kwa buluu moja, umepaka. Brashi ikianza kuamua umbo, unachora, na mtu asikunyang'anye kitenzi hicho eti kwa kuwa haoni ng'ombe wala mtumbwi kwenye turubai yako.

Neno linalonisumbua ni "kijadi". Jadi ni mambo ya mababu, na wewe unaandika ukiwa Kisumu. Kisiwani Mfangano, kaunti ya Homa Bay, kwenye miamba ya Mawanga na Kwitone, iko michoro ya kale ya rangi nyekundu na nyeupe: duara ndani ya duara, na mizunguko mingine isiyoonyesha mtu wala mnyama. Kakapel, kaunti ya Busia, nako kuna mwamba wenye maumbo ya aina hiyo pamoja na picha za ng'ombe. Huo ndio uchoraji wa kijadi wa pande zetu, na sehemu yake kubwa ni dhahania! Akriliki, kwa upande wake, ilianza kuuzwa kwa wachoraji katikati ya karne ya 20. Ukiiita ya kijadi, msomaji wa Homa Bay atatarajia udongo mwekundu na mwamba, naye atakuwa na haki kabisa.

Wengine hukimbilia "uchoraji wa mkono". Nao hautoshi, maana hata kalamu ya kishikwambi hushikwa kwa mkono. Ushauri wangu ni kutaja vifaa vyenyewe: uchoraji wa kishikwambi, uchoraji wa brashi. Msomaji ataelewa mara moja.

"Kidijitali" liache lilivyo. Tangu runinga za Kenya zilipohama kutoka analogi mwaka 2015, hakuna kijiji ambacho neno hilo ni geni. "Picha ya dijitali" nayo si kosa. Mimi napendelea "ya kidijitali" kwa sababu ki- hiyo huonyesha namna kazi ilivyofanywa, kama vile tunavyosema mavazi ya kisasa.

Kuhusu "mchanganyiko", sina ugomvi mkubwa. Ila kwa mchoraji, kuchanganya rangi ni kuzikoroga mpaka itoke rangi nyingine, na kwako sivyo: chapa inabaki chini, akriliki inakaa juu, na mtazamaji anaziona zote mbili. "Kazi ya mseto" inakufaa zaidi. Usiangushe "ya" hiyo. Mseto ni nomino, ndiyo maana mwaka 2008 tulisema serikali ya mseto.

Kwenye kibandiko cha ukutani hata mseto hauhitajiki. Andika "Akriliki juu ya chapa ya kidijitali, kwenye turubai", halafu mwaka na vipimo. Hilo "juu ya" linampa mtazamaji mpangilio wa tabaka zako, na "kwenye" inamwambia zimelala wapi. Ukiandika "akriliki na chapa ya kidijitali", atadhani umezibandika ubavu kwa ubavu.