Uliza Mjomba: Kioo cha kunyolea kinaweza kuniokoa baharini?

SWALI: Shikamoo mjomba. Mimi ni kijana wa Kilindoni, Mafia, navua na wenzangu watatu kwa boti ya fiba. Mwezi uliopita mashine ilituzimikia mkondo ukatuchukua kutwa nzima, netiweki hakuna, tukapunga mashati weee, boti mbili zikapita tu kwa mbali. Kuna mzee kaniambia tungekuwa na kioo wangetuona. Ni kweli au ni stori? Na usiku je?

JIBU: Marahaba mwanangu, poleni sana, tunashukuru mmerudi salama. Huyo mzee kakwambia kweli. Zile boti za kujiokolea za meli kubwa, sheria ya kimataifa inataka ndani kuwe na kioo cha kuitia msaada mchana, na ni kwasababu jua likiwa kali mwako wa kioo unaonekana mbali sana kuliko shati lolote.

Ila usikitikise hovyo tu, na hapa ndo wengi wanakosea. Mwako wa jua ni mwembamba, ukifika kilomita 1 upana wake ni kama mita 9 tu, kilomita 5 ni kama mita 45, sasa boti iko kule na wewe umeelekeza pembeni kidogo tu, nahodha haoni kitu kabisa.

Kwa hiyo lazima ulenge. Shika kioo karibu na jicho, mkono mwingine unyooshe mbele utanue vidole viwili, boti uiweke katikati ya hivyo vidole kama unaibana, halafu geuza kioo taratibu mpaka ule mwanga uuone umepiga kwenye vidole vyako. Ukitoka kidole hiki kwenda kile umepita juu ya boti, basi cheza hapohapo, nenda rudi nenda rudi, maana boti yako nayo inayumba na mawimbi. Jua likiwa upande wa boti ndo rahisi zaidi, likiwa mgongoni tena chini ni kazi kweli.

Huoni boti? Piga hivyohivyo, fagia upeo wote wa bahari, wao wanaweza kukuona kabla hujawaona. Hata vile vindege vya Dar na Mafia vimulike, ila rubani akishageuka kuja kwenu acha kumpiga machoni.

Kioo cha pikipiki mara nyingi kimebinuka kinatawanya mwanga, chukua bapa. Sidii ya zamani nayo inafaa, unachungulia kwenye tundu lake.

Mawingu yakifunga, nyoosha mikono yote miwili pembeni, ipandishe na kuishusha polepole, hiyo ni ishara rasmi ya hatari baharini, tofauti na kupunga ambako mtu anadhani unamsalimia. Usiku ni tochi: fupi tatu, ndefu tatu, fupi tatu, pumzika, rudia. Tochi ya simu ni dhaifu na inamaliza chaji, nunua tochi ya maana uifunge kwenye mfuko wa nailoni usiopitisha maji.

Jumapili nenda ufukweni na mwenzako, asogee kama mita 300, akunyooshee mkono kila anapopigwa na mwako, fanyeni mpaka mkono uzoee. Na kioo kifunge kamba uivae shingoni kabla ya kuondoka nchi kavu, mikono ikiwa na maji ya chumvi na woga kinaponyoka hivihivi unakiona kinazama.