Minyoo "wanajikinga" au "inajikinga"?

SWALI: Naandaa somo la biolojia kuhusu kichocho. Niliandika: "Kinga ya minyoo wa kichocho ni vimeng'enya vinavyoua superoksaidi na kuifanya maji." Mhariri akabadili ikawa "minyoo ya kichocho", ila "vimelea vinajikinga" akaiacha. Nani yuko sahihi?

JIBU: Kwenye minyoo, wewe, kwenye vimelea, mhariri. Mnyama hupatanishwa kwa A-WA hata jina lake likivaa umbo la ngeli nyingine: kiroboto anauma, kipepeo anaruka. Kwa binadamu ndivyo ilivyo pia, ndiyo maana husemi "mitume ilikuja". Basi minyoo wa kichocho wanaishi kwenye mishipa ya damu. "Minyoo inamsumbua mtoto" husikika kila siku, na katika mazungumzo siikatai, kwa kuwa msemaji anafikiria maradhi kuliko mnyama. Somo lako linamhusu mnyama.

Kimelea kimetokana na kumelea, na jina hilo hubeba hata mimea, kama kiduha kinachofyonza mizizi ya mahindi, pamoja na viini vya malaria vyenye seli moja. Kwa hiyo KI-VI imezoeleka. Hatari ipo hapa: "Vimelea hutumia vimeng'enya vinavyoshambuliwa na chembe nyeupe." Kinachoshambuliwa ni kipi? Ukiandika "Minyoo wanaoshambuliwa na chembe nyeupe hutumia vimeng'enya", utata unaisha.

Kosa kubwa zaidi hamkuligusa nyote wawili. "Kinga ya minyoo", kama "kinga ya malaria", msomaji ataielewa kuwa ni kinga dhidi ya minyoo, yaani dawa au usafi. Tumia kitenzi: "minyoo wanavyojikinga". Tena kemikali haiuawi. Hubadilishwa au huvunjwa.

Na hapo sarufi inakutana na sayansi, maana sentensi yako imeruka hatua. Chembe nyeupe za damu humwaga superoksaidi, aina ya oksijeni yenye sumu, ili kumshambulia mnyoo. Kimeng'enya cha kwanza cha mnyoo, superoksaidi dismutesi, huigeuza kuwa oksijeni na haidrojeni peroksaidi, ambayo nayo ni sumu. Peroksaidi hiyo ndiyo huvunjwa ikawa maji, na kazi hiyo hufanywa hasa na vimeng'enya viitwavyo peroksiredoksini. Usiandike katalesi: binadamu tunayo, mnyoo wa kichocho hana. Akikwama kwenye hatua ya pili, ile ya kwanza inamlimbikizia peroksaidi. Kwa sababu hiyo watafiti wa dawa wanakiwinda kimeng'enya kinachovirudishia peroksiredoksini uwezo wa kufanya kazi. Kwa mnyoo ni kimoja tu, ilhali binadamu ana viwili vinavyogawana kazi hiyo.

Ningeandika hivi: "Minyoo wa kichocho hujikinga kwa vimeng'enya: kimoja hubadilisha superoksaidi kuwa peroksaidi, vingine huivunja peroksaidi hiyo ikawa maji."