Maswali yenu kuhusu Elizabeti wa Hungaria: kabla ya maua ya waridi, tuulizane kwanza mali ilienda wapi

Haya jamani, simu imejaa. Tangu sikukuu yake, tarehe 17 Novemba, maswali kuhusu Mtakatifu Elizabeti, yule binti mfalme aliyefiwa na mume na mali yake akaigawa kwa maskini, yanaingia tu, mengine mazuri na mengine ni yale yale ya mwaka jana na mwaka juzi. Nimeokota haya. Kama lako hulioni ujue limejibiwa humu ndani kwa mdomo wa mwingine, au nimelikwepa makusudi.

SWALI: Huyu ndo yule Elizabeti mama yake Yohana Mbatizaji?

Hapana. Wamepishana miaka 1200. Twende.

SWALI: Kwanini anaitwa wa Hungaria wakati kaburi lake liko Ujerumani, na wengine wanamwita Elizabeti wa Thuringia? Wapi ni kwao?

Kote ni kwao. Kazaliwa 1207, binti wa Andrea II mfalme wa Hungaria, ila mama yake Gertrude ni Mjerumani wa ukoo wa Andechs-Merania. 1211, akiwa na miaka minne, akapelekwa Thuringia, Ujerumani, akalelewe ukweni, ndo huko alikokulia, akaolewa na kuzaa. Sasa tatizo lenu mnakariri jina la baba kwa sababu ni mfalme, upande wa mama hamuulizi kabisa, na hao ndo waliomwokoa siku ya shida. Mama mdogo mmoja, Hedwiga wa Silesia, naye ni mtakatifu. Mwingine, Agnes, aliolewa na mfalme Philippe II wa Ufaransa, ndoa ambayo Papa aliikataa kabisa kwa sababu mke wake wa halali alikuwepo hai, yaani mpaka Ufaransa ikafungiwa ibada. Mwingine, Mechthild, ni mkuu wa monasteri ya Kitzingen, na kaka yao Ekbert, mjomba wa Elizabeti, ni askofu wa Bamberg. Mama mwenyewe Gertrude aliuawa 1213 na wakubwa wa Hungaria waliochoka kuona vyeo vinaenda kwa ndugu zake wa Kijerumani. Mtoto alikuwa na miaka sita, yuko ugenini. Hiyo picha msiipite haraka haraka.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Kuolewa na miaka 14 si ndoa ya utotoni hiyo? Mbona mahubirini hawaisemi?

Marahaba. Ndiyo, ni ya utotoni, na ilikuwa biashara ya siasa toka mwanzo. Aliolewa na Ludwig IV, mtawala wa Thuringia, mwaka 1221, kanisa la Mtakatifu George pale Eisenach, bwana harusi anakaribia 21. Na kabla ya hapo kuna watu wa pale ukweni walishaanza kusema binti arudishwe kwao, maana mama keshakufa na faida ya undugu haionekani tena, Ludwig ndo akakataa. Walipendana kweli, wajakazi wake walipohojiwa baada ya kifo chake walilieleza hilo kwa kirefu, na mimi nawaamini. Lakini wewe unayetaka kuichukua hii stori kwenda kumwozesha binti wa darasa la saba, jina langu usilitaje huko.

SWALI: Tuelezee ule muujiza wa mikate kugeuka maua ya waridi mbele ya mume wake mkali.

Mwaka wa nne huu naulizwa hili. Mume hakuwa mkali. Njaa ya 1226 ilipopiga, Ludwig yuko Italia kwa Kaizari Friedrich II, Elizabeti akafungua maghala ya nafaka akagawa, watumishi wakubwa wakakimbilia kumshtaki bwana aliporudi, na Ludwig akajibu kwamba mwacheni atoe, ilimradi ngome zangu za Wartburg na Neuenburg zibaki kwangu. Sasa mume wa hivyo unamfichia mikate ya nini? Stori ya waridi haimo kwenye ushahidi wa wajakazi waliokaa naye, imekuja baadaye, na hiyo hiyo inasimuliwa kuhusu Elizabeti wa Ureno ambaye ni mjukuu wa dada yake wa baba mmoja. Picha ukutani acheni, ni nzuri. Ila msimchafue marehemu Ludwig.

SWALI: Ni kweli shemeji yake alimfukuza kwenye kasri na watoto usiku wa baridi? Mhubiri wetu alilia kabisa akieleza.

Hapa tukae vizuri kidogo.

Ludwig alifariki 11 Septemba 1227 kwa homa pale Otranto, kusini mwa Italia, akiwa safarini kwenda vita vya msalaba. Elizabeti ana miaka 20, mjamzito, na katoto kake ka tatu kakazaliwa siku 18 tu baada ya kifo. Mrithi ni Hermann, miaka mitano. Mtoto wa miaka mitano hatawali, kwa hiyo anayeshika funguo ni baba mdogo, Heinrich Raspe. Mpaka hapo nani hajui stori inakoelekea? Hii hata kwenu ipo.

Sasa, mke wa bwana mkubwa Ujerumani ya wakati ule alikuwa anatengewa mali na upande wa mume, mashamba na mapato yake, ili akifiwa aishi nayo, wenyewe wanaita Wittum. Hiyo ndo alinyimwa. Wajakazi wanasema aliondolewa na watu wa mume wake, akashuka Eisenach, usiku wa kwanza akalala kwenye kibanda kilichokuwa kinafugiwa nguruwe, na kabla hakujapambazuka akaenda kwa Wafransisko akawaomba wamwimbie Mungu wimbo wa shukrani. Wapo wanahistoria wanaosema hakusukumwa nje kwa mikono, aliondoka mwenyewe, na sababu yao ina uzito: alikuwa ameapa kutokula chakula kilichopatikana kwa kuwaonea wakulima. Mezani alikuwa anauliza kila sahani imetoka wapi. Akikuta chakula ndo halali anawaambia wenzake leo tutakula tu, akikuta divai ndo halali basi leo tutakunywa tu, na vyote vikiwa halali anapiga makofi kwa furaha. Mtu kama huyo ukimnyima mapato yake yeye mwenyewe, halafu unamkaribisha mezani kwako, umemkaribisha kwenye nini?

Ndo maana mimi nasema ubishi wa alifukuzwa au aliondoka hauna maana sana. Ukimkatia mjane riziki yake hata mlango huhitaji kuufungua, atatoka mwenyewe, na wewe utasema mbele ya kikao cha ukoo kwamba hatukumfukuza. Wangapi wenu mmekaa vikao vya hivyo mkanyamaza?

Aliyempokea ni mama mdogo Mechthild, halafu mjomba Ekbert akamuweka kwenye ngome ya Pottenstein akitaka kumwoza tena. Elizabeti akasema nikilazimishwa nitajikata pua mwenyewe, nione kama kuna mwanaume atanitaka. Mwisho yakafanyika mazungumzo, akalipwa marki 2000 za fedha na akapewa sehemu ya kukaa maisha yake yote kwenye mji wa Marburg. 500 akazigawa kwa maskini siku moja, nyingine zikajenga hospitali ya wagonjwa pale pale Marburg, 1228, akaiita kwa jina la Fransisko ambaye alitangazwa mtakatifu Julai ya mwaka huo huo. Kumbukeni basi, hospitali mnayoihubiri imejengwa na haki ya mjane iliyodaiwa mpaka ikalipwa. Haikushuka mbinguni.

SWALI: Huyo padri Konrad mbona watu wanamsema vibaya wakati ndiye aliyemlea kiroho?

Konrad wa Marburg ndiye aliyesimamia madai yake, Papa Gregori IX alimteua kuwa mlinzi wake, hilo nampa. Na kama asingeandika barua yake kwa Papa tungejua machache. Baada ya hapo sina zuri. Aliwaondoa Guda na Isentrud, wenzake wa siku zote, Guda akiwa naye toka utotoni, akamuwekea wanawake wakali wa kumpeleleza. Alikuwa anampiga. Kuna siku kwenye konventi ya masista ya Altenberg, Elizabeti akaingia ndani akidhani ameruhusiwa, Konrad akaamuru achapwe yeye na mwenzake Irmgard kwa fimbo ndefu huku mwenyewe anaimba zaburi ya toba, na alama zikakaa zaidi ya wiki tatu. Mnaniambia hiyo ni malezi ya kiroho. Hata Papa mwenyewe hakumtangaza Konrad, alimtangaza aliyepigwa. Konrad aliishia kuuawa barabarani karibu na Marburg, Julai 1233, baada ya kuwashtaki watu wengi mno kwa uzushi mpaka akagusa wakubwa. Na nyie mnaoniandikia usiku kuhusu watumishi wanaowakataza kuongea na ndugu zenu, mmeshaelewa kwanini nimelichagua swali hili.

SWALI: Aliwatelekeza watoto wake?

Aliwaachia wengine wawalee, ndiyo, na mimi hapo huwa nakwama, siwezi kulipamba. Hermann alibaki kwa ukoo kama mrithi, akafa 1241 na miaka 18, bila mtoto. Gertrud, yule aliyezaliwa baada ya baba kufa, alipelekwa Altenberg akiwa mdogo kabisa, akaja kuwa mkuu wa konventi hiyo toka 1248 mpaka alipofariki 1297. Ndio, Altenberg ile ile ya fimbo.

Wa katikati, Sophie, ndo mtu wangu. Hermann alipokufa Heinrich Raspe akapata utawala kwa jina lake sasa, 1246 akachaguliwa mfalme wa kumpinga Kaizari, Februari 1247 akafa pale Wartburg, naye bila mtoto. Yaani hila zote zile na hakuna wa kumrithi. Sophie, aliyekuwa ameolewa na mtawala wa Brabant, akasimama kumdai mwanae Heinrich aliyezaliwa 1244, akipingana na binamu yake wa Meissen. Vita ikaenda mpaka 1264. Thuringia akaikosa, Hesse, yaani upande wa Marburg, akaipata, na huyo mwanae ndo mtawala wa kwanza wa Hesse. Kwenye hati zake Sophie alijiandika binti wa Mtakatifu Elizabeti. Mama hakumwachia shamba, akamwachia jina, na jina akalifanyia kazi mpaka likatoa ardhi.

SWALI: Marburg ndo hiyo ya ugonjwa?

Mji ni huo. Virusi viligunduliwa 1967, wafanyakazi wa maabara pale Marburg, Frankfurt na Belgrade waliugua baada ya kushika tumbili walioletwa kutoka Uganda. Ndo jina hilo lililotutisha Kagera 2023. Mji hauna kosa, na ukisikia tangazo la afya lifuate, usitume sauti za kwenye magrupu.

SWALI: Nataka kwenda hija kwenye kaburi lake, mifupa iko Marburg?

Alifariki usiku wa kuamkia 17 Novemba 1231, na miaka 24. 1235 akatangazwa mtakatifu, mwaka huo huo wakaanza kanisa kubwa juu ya kaburi, na 1236 Kaizari Friedrich II mwenyewe alikuja kwenye kuhamisha mwili. Kanisa lipo, zuri sana, ila usitegemee mifupa. 1539 Philipp mtawala wa Hesse, aliyekuwa upande wa Luther, aliiondoa ili kukomesha hija. Na huyo Philipp ni wa uzao wa Sophie, anamtoa bibi yake mwenyewe kaburini. Nenda tu, ila nauli usimkabidhi yule wakala anayekuahidi utagusa masalia.

SWALI: Tumepata mtoto wa kike, tunataka jina lake kwa Kihungaria.

Erzsébet. Hongereni. Na cheti cha kuzaliwa kichukueni sasa hivi, msisubiri aanze shule.