Barua kwa mwanangu Zuhura: lini umpokonye mwanafunzi ndege

Ukonga, Dar es Salaam

Mwanangu Zuhura,

Salaam nyingi, mama. Hapa nyumbani tu wazima. Mama yako magoti yanamsumbua kidogo, lakini jana alikwenda Gongo la Mboto kwa miguu na kurudi na samaki. Ujumbe wako nimeusoma mara tatu. Umesema umepangiwa kubaki hapo shule ya urubani uwe mkufunzi wakati wenzako wanakwenda vikosini, na umeniuliza mambo mawili: kama hiyo ni adhabu, na mkufunzi anajuaje wakati wa kumpokonya mwanafunzi ndege.

La kwanza ni jepesi. Si adhabu. Hakuna mkuu wa shule anayemkabidhi mtu asiyemwamini ndege na watoto wa watu kwa pamoja. Tena utatoka hapo ukiwa rubani mzuri kuliko ulivyoingia, kwa sababu mambo mengi sasa hivi unayajua kwa mikono tu, na mwanafunzi atakapokuuliza "kwa nini, afande?" itabidi uyajue na kwa kichwa.

La pili ndilo lililonikesha. Nilikaa kiti cha nyuma, kile cha mkufunzi, miaka 11, na jibu la swali lako nililipata kwa kumuumiza mtu mmoja na kukaribia kumuua mwingine. Nitakueleza yote.

Aliyenifundisha ukufunzi alikuwa mmoja wa vijana wa mwanzo waliopita mikononi mwa Wakanada miaka ya 1960, Kanada ilipotusaidia kujenga anga ya jeshi letu kwa ndege za Otter na Caribou. Baadaye wakaja Wachina na ndege za jeti, akaanza upya kama kuruta. Alikuwa mtu mpole. Ukiwa umeshika ndege, ukitupa jicho kwenye kile kioo kidogo cha mbele ulimwona amekunja mikono kifuani, kila kiganja kimeshika mkanda wa bega la upande wa pili. Alifanya hivyo makusudi ili uone kwamba ndege ni yako kweli.

Yeye ndiye aliyeniambia kwamba mpaka wa uvumilivu unauweka ukiwa bado chini. Kabla hujapanda ngazi uamue moyoni: leo, kwa zoezi hili, kwa mwanafunzi huyu, nitamvumilia mpaka hapa. Ukingoja kuamua mkiwa juu, utaamua kwa hofu, au utachelewa kwa kumwonea haya.

Chukua zoezi la spini. Mnapanda mpaka futi 8,000. Anapunguza mwendo hadi mabawa yanaishiwa upepo wa kuyabeba, anakanyaga pedali moja mpaka mwisho, na ndege inaanza kuzunguka kama pia, pua ikitazama chini. Kila kitu mwilini mwake kinamwambia avute fimbo ya kuongozea ndege. Akivuta, ndege inaendelea kuzunguka. Anatakiwa arudishe nyuma throto, ule mkono wa nguvu za injini, akanyage pedali ya upande wa pili, kisha asukume fimbo mbele, yaani aielekeze ndege kule kule anakoogopa. Mpaka wangu ulikuwa futi 5,000. Kabla ya hapo nilijiruhusu neno moja tu, "mguu", halafu nanyamaza. Ikifika 5,000 nasema "yangu" na kuichukua, bila hasira. Naye anajibu "yako" na kuachia kabisa, mikono na miguu. Hapo mbane kila mwanafunzi tangu siku ya kwanza. Kuna ajali zilizotokea kwa sababu wawili walikuwa wanavutana usukani, na zingine kwa sababu kila mmoja alidhani mwenzake ndiye anayeendesha.

Wenzako wa mesi watakwambia kumwacha mwanafunzi aingie matatani ni ukatili. Si hivyo, na mambo haya yana historia. Katika Vita Kuu ya Kwanza Waingereza walipoteza vijana wengi mno mafunzoni. Wakufunzi wengi walikuwa marubani waliochoshwa na vita, waliowaogopa wanafunzi kiasi cha kuwapachika jina la adui wao Mjerumani, na hawakupenda kuwaachia usukani. Mwaka 1917 Meja Robert Smith-Barry akapewa kuongoza shule ya wakufunzi pale Gosport, Uingereza. Alitia mpira wa kuongelea kati ya kiti na kiti ili mwalimu asikike juu ya kelele za injini, akamkalisha mwanafunzi kwenye kiti cha rubani, na ile spini iliyokuwa inawatisha wote akaagiza ifundishwe waziwazi, namna ya kuingia na namna ya kutoka. Mpango wake ukasambaa duniani, ukafika mpaka kwa Wakanada, na kwa Wakanada ukamfikia mzee wangu.

Kutua ni habari nyingine, maana huna futi 3,000 za kukopa. Kiwanja chetu hapa unakijua, njia kubwa ya kurukia tunaiita 05 ukiingia kutokea upande wa Pugu na 23 ukiingia kutokea mjini. Kaskazi ikivuma unatua 05 na upepo unakupokea usoni, hata mgeni anaonekana fundi. Ikija kusi, unatua 23 na upepo unakupiga ubavu wa kushoto. Hapo ndipo mwanafunzi anapojulikana. Inabidi alaze bawa la kushoto kidogo upande wa upepo, huku mguu wa kulia ukiizuia pua isigeuke, mikono na miguu ikifanya mambo yanayopingana.

Mpaka wangu niliupima kwa minazi. Juu ya mnazi, akikosea nilimwambia kwa mdomo. Kuanzia kilele cha mnazi kushuka, mkono wangu ulizunguka fimbo bila kuigusa, kama unavyoukinga moto wa kibatari, unahisi joto lake lakini huugusi. Miguu nayo hivyo hivyo juu ya pedali. Maneno yamekwisha hapo. Unamsoma mabega, kwa sababu kutoka kiti cha nyuma unaona helmeti na mabega basi. Mwenye hofu mabega yanapanda mpaka masikioni. Yakiwa yametulia, mwache, hata kama ndege inacheza kidogo, anajifunza. Lakini akivuta fimbo mapema, pua ikainuka na mwendo ukafa mkiwa bado juu, usingoje hata kidogo. Throto mbele, "yangu", mzunguke tena.

Sasa yule niliyemuumiza. Alikuwa Luteni Usu, kijana wa Songea, mkimya, darasani wa kwanza au wa pili. Nilimpokea wiki chache baada ya mkufunzi mwenzangu kuharibu magurudumu na mwanafunzi wake, na hofu ile niliibeba mimi. Kila tulipokaribia ardhi nilianza kushika. Si kupokonya, kushika tu: kidole kimoja kwenye fimbo, unyayo kwenye pedali. Nilidhani hajui. Mama, mwanafunzi anajua. Fimbo zimeunganishwa, ukiweka kidole nyuma, mbele anausikia mkono wake umekuwa mzito. Ikawa ndege inapofika kwenye minazi yeye anaiacha, ananingoja mimi. Nikaandika kwenye ripoti: "Hana maamuzi anapokaribia ardhi." Nikaandika hivyo mara tatu, na akaondolewa kwenye kozi. Hakuna aliyenilazimisha. Saini ni yangu.

Nilikutana naye miaka mingi baadaye msibani Mbagala. Alikuwa fundi wa majenereta, ana watoto wanne. Alinisalimia kwa heshima zote, tukakaa kwenye mkeka mmoja, tukazungumza habari za marehemu. Tulipokuwa tunaagana akasema, "Afande, mimi sijawahi kuitua ndege hata siku moja." Alisema polepole, bila kunilaumu. Nilipanda daladala nikapitiliza kituo changu.

Wa pili nilimchelewa. Ilikuwa mafunzo ya usiku, tumeruka 05, tumepita juu ya mji, taa za Msasani zikabaki nyuma, mbele bahari tupu. Mwezi haukuwepo. Siku za giza kama hizo ndipo wavuvi wa dagaa wanatoka na karabai, na bahari ilikuwa imejaa vitaa vidogo vyeupe kama nyota, na juu nyota zenyewe zimejaa. Hapakuwa na mstari kati ya maji na mbingu. Mwanafunzi akaanza kukata kona taratibu kushoto, kuelekea Unguja. Unajua yale maji ya ndani ya sikio yanavyodanganya: kona ikiwa tulivu, baada ya sekunde 20 hivi yanatulia nayo, na mwili unakwambia umenyooka. Aliendelea kulaza bawa, pua ikaanza kushuka, na mimi nyuma nimekaa kimya, nimestarehe kabisa. Nilikuwa nasubiri mpaka mwili wangu uhisi kosa. Sikuhisi kosa lolote, kwa sababu sikio langu lilikuwa limedanganywa kama lake.

Kilichoniamsha ni sauti ya upepo kwenye kioo, imekuwa nyembamba na kali. Nikatazama saa inayoonyesha ndege iko juu kiasi gani, mshale unakimbia kurudi nyuma. Nikachukua, nikanyoosha mabawa kwanza kisha nikavuta, na mwili wangu wote ulikuwa unapiga kelele kwamba ninaipindua ndege. Tulipotulia zilibaki futi 900. Kijana aliuliza, "Afande, nilikosea wapi?" Nikamwambia ukweli, kwamba tumekosea wote, na mimi zaidi.

Kwa hiyo ule mpaka ninaokwambia uuweke, usiuweke kwenye mwili wako. Uweke kwenye saa zilizo mbele yako: futi, mwendo, mlalo wa mabawa. Usiku hasa, kila baada ya pumzi mbili jiulize wewe kwanza kama umenyooka, ndipo umkague yeye. Na ukichoka, sema. Safari ya tatu ya siku, jua la saa nane, jasho limeingia machoni, mkufunzi anakuwa mzito kuliko mwanafunzi wake. Mimi niliona haya kusema. Wewe usione.

Maisha yenyewe utayazoea. Utaamka saa kumi alfajiri, utatazama mawingu kabla ya kutazama chai, mgongo utauma, na jioni utaandika ripoti wengine wakiwa wanacheza bao. Ukiandika ripoti, andika ulichokiona, halafu uisome tena kama vile mama wa yule mtoto amekaa pembeni yako. Zaidi ya hapo sina la kukufundisha.

Ila moja. Siku utakayomwachia mwanafunzi wako wa kwanza aruke peke yake, usimtangazie tangu jana yake, hatalala. Mtue mara mbili vizuri, mwambie asimame pembeni, injini ikiwaka, ushuke. Kabla hujafunga kifuniko cha kioo, rudi kwenye kiti chako kitupu uifunge mikanda yake na kuikaza sana, isije ikalegea ikanasa fimbo ya nyuma. Kagua mara mbili. Mwambie ndege itakuwa nyepesi bila wewe, itapanda upesi na wakati wa kutua itaelea kidogo kabla ya kugusa, asishangae. Halafu ondoka, ukasimame kwenye majani.

Atazunguka mara moja tu, dakika kama saba. Utamwona akipita juu ya minazi, na mikono yako itatafuta fimbo ambayo haipo. Yangu niliitia mifukoni.

Mama yako anakusalimu, anasema ukija likizo umletee asali. Mimi niletee kitabu chako cha saa za kuruka, nione jina la huyo wa kwanza.

Baba yako